Ndege Huona Mwamba, Haioni Dhahabu



Swali ninaloulizwa kuliko yote, ofisini na vijijini, ni hili: ile ndege iliyopita chini chini juu ya mashamba yetu imeona dhahabu wapi? Jibu langu ni fupi, na najua huwavunja wengi moyo. Ndege haikuona dhahabu. Haikuona nikeli wala almasi. Ilichopima ni tabia za miamba: usumaku wake, mionzi yake, na pengine jinsi inavyopitisha umeme. Kutokana na tabia hizo sisi tunapambanua aina ya mwamba, unapoanzia na unapoishia, ulipokatika na ulipokunjwa. Dhahabu, kama ipo, atakuja kuithibitisha mtu mwenye nyundo, na baada yake mtu mwenye mashine ya kuchoronga. Jioni ya leo nataka kueleza kwa nini kipimo kisichoona dhahabu kina thamani kubwa hata hivyo, na kwa nini naamini tumekuwa tukikigharimia kisha kukiacha katikati ya safari.

Nianze na sumaku, maana ndiyo iliyotangulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walifunga kipima sumaku kwenye ndege ili kuwinda nyambizi zilizojificha chini ya bahari. Mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, wanajiolojia wa serikali yao walikirusha chombo hicho juu ya Boyertown, jimbo la Pennsylvania, mahali palipojulikana kwa mawe ya chuma. Chuma kilionekana wazi kwenye karatasi. Tangu siku hizo kazi ya kuchora ramani ya miamba haikutegemea tena miguu ya mjiolojia peke yake.

Sababu yenyewe si ngumu. Dunia ni sumaku. Hapa Tanzania nguvu ya sumaku hiyo ni kama nanotesla 33,000. Mwamba wenye chembe za magnetaiti huiongezea au kuipunguzia nguvu hiyo mahali ulipo. Graniti za hapa Dodoma, hayo matale makubwa mnayoyaona kila upande wa mji, huibadilisha kidogo tu. Ukienda Geita, kwenye miamba ya chuma iliyolala tabaka kwa tabaka, badiliko laweza kufika maelfu. Sasa zingatieni jambo moja. Dhahabu haina usumaku wa kupimika kutoka angani. Lakini dhahabu nyingi ya Geita imekaa ndani ya miamba hiyo ya chuma au pembeni mwake, mahali ambapo maji ya moto yenye madini yalikutana na chuma yakaiacha dhahabu. Kwa hiyo anayefuata chuma kwenye ramani, akatafuta pale mkanda wa chuma ulipopindika au kukatwa na ufa, amejipunguzia eneo la kutafuta kutoka wilaya nzima hadi vilima vichache. Hiyo ndiyo faida: ndege hutuambia wapi tusihangaike.

Kazi ya angani yenyewe ni ya subira. Ndege ndogo, mara nyingi Cessna Caravan, huruka mita 60 hadi 100 kutoka ardhini kwa mwendo wa kilomita 250 hivi kwa saa. Kipima sumaku hukaa kwenye mkuki mrefu nyuma ya mkia, mbali na chuma cha ndege yenyewe. Husoma mara 10 kwa sekunde, maana yake kuna kipimo kipya kila mita 7. Rubani hufuata mstari ulionyooka, akifika mwisho anageuka na kurudi kwenye mstari wa pili, hivyo hivyo tangu asubuhi, wiki hata miezi. Kisha huruka mistari michache inayokatiza ile ya kwanza, ili pale inapokutana tuhakikishe vipimo vinakubaliana. Na chini, kwenye kiwanja, huachwa kipima sumaku kingine kisichotembea. Jua husumbua sumaku ya dunia saa baada ya saa, na bila chombo hicho cha chini usumbufu wa jua ungeingia kwenye ramani na kusomwa kama mwamba.

Hata paa za nyumba husomwa. Ndege ikipita juu ya kijiji chenye mabati mengi, mstari wa vipimo hutoa miba midogo iliyochongoka, mmoja hapa, miwili pale. Reli, mabomba na madaraja navyo huacha alama zake. Mchambuzi mzuri huweka picha ya ardhi kando ya mstari wa sumaku na kukagua mwiba mmoja mmoja: huu ni zahanati, huu ni kinu cha kusaga, huu hauna nyumba wala barabara, basi huu ni wa mwamba. Kazi hiyo huchosha macho, na ndiyo inayotenganisha ramani ya kuaminika na picha ya rangi za kupendeza. Nawasihi wanafunzi wangu wasiione ni kazi ya kibarua.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya na Kanada hulipitia haraka kwa kuwa kwao si tatizo. Karibu na ncha ya dunia, sumaku ya dunia husimama wima, na mwamba wenye usumaku huonekana kama kilele juu ya mahali pake hasa. Kwetu sisi, tulio karibu na ikweta ya sumaku, nguvu hiyo imelala. Mwamba mmoja hutoa kilele na bonde: kilele husogea upande wa kaskazini, bonde huangukia kusini, na mwamba wenyewe uko kati yao. Asiyejua akienda kuchoronga kwenye kilele atatoboa jiwe tupu. Tena mikanda ya miamba inayokwenda moja kwa moja kaskazini hadi kusini hufifia, au hukatikakatika kwenye ramani kana kwamba si mwamba mmoja. Hesabu za kurekebisha zipo, ila zinataka mtu anayeifahamu latitudo hii na jiolojia hii. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba tafsiri ya data zetu inaweza kufanywa yote na mtu aliyeko ng'ambo ambaye hajawahi kukanyaga Kahama.

Usumaku hufundisha hata pale usipoonekana. Mwaka 1983 ndege ilipita juu ya Bonde la Albertine, magharibi mwa Uganda. Mchanga na udongo uliojaza bonde lile hauna usumaku wa maana. Ishara zilitoka kwenye mwamba mgumu ulio chini yake, na zilifika angani zikiwa zimelainika, kwa sababu kadiri mwamba unavyokuwa mbali ndivyo mstari wake unavyopoteza makali. Kutokana na ulaini huo wataalamu wakakadiria mahali tabaka za mchanga zilipo nene zaidi. Mafuta yanahitaji unene wa namna hiyo ili yaive. Mwaka 2006 Uganda ikathibitisha mafuta ya kiasi cha kibiashara kwenye bonde hilo hilo.

Sasa nije kwenye mionzi, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kila jiwe hutoa miale ya gama, hata jiwe la kujengea nyumba yako. Inatokana na vitu vitatu: potasiamu, urani na thoriamu. Kila kimoja hutoa miale yenye nguvu yake, kwa hiyo chombo ndani ya ndege, ambacho ni masanduku ya fuwele za chumvi ya aidini, huitenganisha na kuihesabu. Miale inayofika angani hutoka kwenye sentimita 30 au 40 za juu tu za ardhi. Udongo ukiloa mvua, hupungua. Kwa hiyo ramani ya mionzi ni ramani ya ngozi ya nchi, wakati ramani ya sumaku inashuka kilomita kadhaa. Ukiziweka pamoja unapata habari za juu na za chini kwa mara moja. Tunazoea kuipa potasiamu rangi nyekundu, thoriamu kijani na urani bluu. Graniti hung'aa kwa zote tatu na kuwa nyeupe. Miamba myeusi ya volkano ya kale, ile inayobeba dhahabu yetu ya Kanda ya Ziwa, huwa giza. Milima ya kabonataiti, kama Panda Hill kule Mbeya au Mrima huko Kwale, Kenya, huwaka kwa thoriamu, na hapo ndipo watu hutafuta niobi na madini adimu.

Nitulie kidogo Minjingu, mkoani Manyara, maana kisa chake kinafundisha kuliko kitabu. Mwaka 1956 kampuni iliyokuwa ikitafuta urani kwa vipimo vya mionzi kutoka angani ilikuta ishara kali mashariki mwa Ziwa Manyara. Walipofika ardhini hawakukuta mgodi wa urani. Walikuta fosfeti. Zamani za kale ziwa lile lilikuwa kubwa zaidi, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Ndege wala samaki, aina ya mnandi, waliishi na kufa pale kwa vizazi visivyohesabika, na mavi yao pamoja na mifupa yao vikarundikana tabaka juu ya tabaka. Hadi leo ukiliokota jiwe la pale na kulitazama kwa karibu utaona vipande vya mifupa, vyembamba na vyepesi, vimeshikamana kwenye udongo uliokauka. Urani iliyokuwa ndani ya maji ya ziwa ilinaswa na fosfeti ya mifupa hiyo ikabaki humo. Ndege ya chuma ilisoma urani. Aliyeshuka chini na kuchimba alikuta mbolea. Tangu miaka ya 1980 kiwanda cha Minjingu kinasaga jiwe hilo, na wakulima wa mahindi wamelitumia mashambani mwao. Mtu angebaki ofisini na ramani yake tu, angeandika neno urani na kufunga jalada.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, na ndio unaonikera. Kati ya mwaka 1977 na 1980 serikali yetu ilifanya jambo la kujivunia: ilipima karibu nchi nzima kutoka angani. Kampuni ya Geosurvey International iliruka mistari iliyoachana kilomita 1, kwenye kimo cha mita 120, ikipima sumaku na mionzi. Nchi ilikuwa masikini, vita na Idi Amin viliingia katikati, na kazi ikakamilika. Kwenye data hizo zilionekana ishara za urani katika miamba ya mchanga ya Karoo, kusini, kwenye eneo tunaloliita leo Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Kampuni ya Kijerumani ilizifuatilia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kisha bei ya urani ikaanguka, watu wakaondoka. Uchorongaji mkubwa ulirudi miaka ya 2000. Zaidi ya miaka 20 ishara zile zilikaa kwenye makabati.

Linganisheni na Kanada. Mwaka 1959 kampuni moja iliruka karibu na mji wa Timmins, jimbo la Ontario, ikipima jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Chombo hutuma mawimbi ya sumaku kuelekea ardhini, na mwamba wenye salfaidi za shaba na zinki hujibu kwa mkondo wake mwenyewe, ambao ndege huusikia. Ishara moja ilikuwa na nguvu. Ilichukua miaka 4 kupata haki ya ardhi, na Novemba 1963 tundu la kwanza lililochorongwa likatoa shaba na zinki kwa wingi ambao haukuwa umetarajiwa. Ndiyo Kidd Creek, uliokuja kuwa mmoja wa migodi mikubwa ya shaba na zinki duniani. Ndege peke yake haikuleta mgodi ule. Kulikuwa na watu walioishikilia ishara ile moja kwa miaka 4 bila kuiacha.

Kipimo cha umeme kina mtego wake, na mtego huo uko kwetu zaidi kuliko Kanada. Kinywe, yaani grafiti, hupitisha umeme vizuri sana. Ukanda wote wa mashariki na kusini mwa Tanzania, kuanzia Mahenge hadi Nachingwea, una kinywe kwenye miamba yake ya kale iliyopikwa kwa joto na mgandamizo. Anayetafuta nikeli huko atapata ishara nzuri nzuri nyingi, na nyingi zitakuwa kinywe. Miaka 30 iliyopita hilo lilihesabika hasara. Leo kinywe kinahitajika kwa betri za magari ya umeme, na hasara imegeuka mali. Hata maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme, na Wadenmark, kutoka Chuo Kikuu cha Aarhus, wametumia helikopta yenye pete kubwa ya nyaya kuchora ramani za maji ya chini ya ardhi nchini mwao. Kwa mikoa kama Dodoma na Singida, inayohangaika na visima vikavu au vya chumvi, naliona hili ni muhimu sawa na dhahabu. Mipango yetu ingelitazama kwa uzito zaidi.

Turudi kwenye mistari. Kilomita 1 kati ya mstari na mstari ni sawa na wavu wa sangara: dagaa wote wanapita. Bomba la kimbalaiti, lile jiwe linalobeba almasi, laweza kuwa na upana wa mita 200 tu, na likakaa kati ya mistari miwili bila kuguswa na hata mmoja. Ndiyo sababu ya kupima upya kwa mistari iliyoachana mita 200 au 250, kazi iliyofanyika kwenye maeneo kadhaa muongo uliopita kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2023 Wizara ya Madini ilitangaza Dira ya 2030, Madini ni Maisha na Utajiri. Ilisema eneo lililopimwa kwa undani huo ni asilimia 16 ya nchi, na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Ni lengo zuri na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini fanyeni hesabu nami. Nchi kavu ya Tanzania ni karibu kilomita za mraba 886,000. Kwa mistari ya mita 200, nchi nzima ingehitaji zaidi ya kilomita milioni 4.4 za kuruka. Nusu yake ni milioni 2.2. Ni fedha nyingi, na kila shilingi ya kuruka inahitaji shilingi ya kutembea nyuma yake.

Waganda walianza mapema kuliko sisi kwa kazi ya undani. Katika mradi wao wa miaka ya 2000 walipima asilimia 80 ya nchi. Karamoja ikaachwa kwa sababu ya usalama, ikaja kupimwa baadaye. Wafini wana mfano bora kuliko wote ninaoujua: tangu 1972 hadi 2007, miaka 35, taasisi yao ya jiolojia iliruka nchi nzima kwa mistari ya mita 200, kwenye kimo cha mita 30 tu, ikichukua sumaku, mionzi na umeme kwa pamoja. Walikwenda kidogo kidogo, kila mwaka sehemu yake, na kila sehemu iliyopimwa wanajiolojia waliiingia kwa miguu. Mimi ningependa tuige mwendo huo. Kupima asilimia 5 kwa mwaka na kuzifuatilia zote ardhini ni bora kuliko kupima asilimia 30 kwa mwaka mmoja na kupamba kuta za ofisi.

Maana udhaifu wetu uko hapo. Ndege ikishatua, hutolewa tangazo kwamba madini yamegunduliwa katika wilaya fulani. Si kweli, na tangazo la namna hiyo lina madhara. Wenye uwezo hukimbilia leseni juu ya kila doa jekundu, wanazishikilia bila kuchimba, na wenyeji hubaki wakisubiri utajiri ambao hakuna aliyeuthibitisha. Kilichopatikana ni ishara. Ishara inapaswa kutembelewa, mawe yake kupigwa nyundo, udongo wake kupelekwa maabara, na zile zinazostahili kuchorongwa. Napendekeza kwa sauti kubwa: kila mkataba wa kuruka uwe na fungu lake la kazi ya ardhini, lililotengwa kabla ndege haijapaa, na lisiguswe kwa matumizi mengine. Na sampuli choronge zote, za serikali na za kampuni, ziwekwe kwenye maghala na zifunguliwe kwa vyuo vyetu. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayetaka kujifunza kusoma ramani ya sumaku hahitaji data za Australia. Tunazo zetu, za tangu 1977.

Nimalizie na nyinyi wachimbaji wadogo, ambao mara nyingi mikutano ya namna hii huwasahau. Wengi wenu mnachimba kwa kufuata mwamba aliouona jirani yenu, au kwa ndoto. Duara moja, yaani shimo la mchimbaji, huchukua miezi, hula akiba ya familia, na wakati mwingine roho ya mtu. Ramani za sumaku na mionzi za eneo lenu, pamoja na ramani za jiolojia zinazoitwa QDS, ambazo kila moja hufunika kama kilomita 55 kwa 55, zipo hapa hapa Dodoma katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Si siri ya serikali. Huombwa na kupewa kwa utaratibu. Jiungeni kwenye kikundi, mkaombe ramani ya leseni yenu, na mkamtake mjiolojia akae nanyi kitako awaonyeshe mwamba wa chuma unapopita, ufa ulipo, na graniti inapoanzia. Fanyeni hivyo kabla ya kupiga sururu ya kwanza.